Miale ya kosmiki: Swali lililopelekwa Asmara na kurejea katika pwani ya Kenya

KILA dakika, usiku na mchana, chembe zisizoonekana kwa macho hupenya paa za mabati za mji wa Kehancha, hupita katika miili ya wakazi wake na kuzama ardhini bila mtu yeyote kuhisi lolote.

Katika usawa wa bahari, chembe moja ya aina hiyo hupita takribani kila dakika katika eneo la sentimita moja mraba. Maana yake ni kwamba kiganja cha mtu mzima kilichotandazwa mezani hupitiwa na chembe kama moja hivi kila sekunde.

Kehancha, mji mkuu wa Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, una hali mbili zinazovutana kuhusiana na chembe hizo. Kwanza, mji huo umeinuka kuliko Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya Mombasa, na kwa hivyo kinga ya hewa ni ndogo zaidi.

Pili, mji huo uko takribani nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Katika ukanda huo, usumaku wa dunia huzizuia chembe nyingi dhaifu zisifike kabisa. Mtu wa Kehancha ana kinga ambayo mtu wa Norway au Kanada hana.

Wanasayansi walijuaje kwamba ukanda wa ikweta umekingwa kwa namna hiyo, na ujuzi huo ulifaa nini? Jibu la maswali hayo mawili linapitia upande huu wa Afrika mara mbili: Asmara mwaka 1933, na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mwaka 1970. Katika safari zote mbili limo jina la mwanafizikia mmoja, Bruno Rossi.

Miale iliyozua ubishi

Chembe hizo ni mazao ya kile kinachoitwa miale ya kosmiki, yaani miale inayotoka katika anga za mbali. Iligunduliwa na mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, aliyepaa kwa puto Agosti 7, 1912 hadi kimo cha takribani mita 5,300 akiwa na vyombo vya kupima mnururisho.

Wakati huo wengi waliamini kwamba mnururisho uliokuwa ukipimwa hewani ulitoka katika miamba ya ardhi. Iwapo ingekuwa hivyo, ungepungua kadiri mtu anavyopanda juu. Hess alikuta kinyume chake: ulizidi. Alihitimisha kwamba kuna kitu kinachoingia duniani kutoka juu, na mwaka 1936 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo.

Kitu hicho kilikuwa nini hasa? Mwanafizikia mashuhuri wa Marekani, Robert Millikan, ambaye ndiye aliyeipa miale hiyo jina lake, alishikilia kwamba ni aina ya nuru yenye nguvu nyingi, mithili ya miale ya gama. Wengine walidai kwamba ni chembe zenye chaji ya umeme.

Tofauti kati ya dhana hizo mbili si ndogo. Nuru haipindishwi na sumaku, bali chembe yenye chaji hupindishwa. Na kwa kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa, ilitosha kuitumia kama chombo cha kupambanua ukweli.

Kijana wa Arcetri

Bruno Rossi alizaliwa Venice, Italia, Aprili 13, 1905. Alisomea fizikia katika vyuo vikuu vya Padua na Bologna, kisha mwaka 1928 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya chuo kikuu cha Florence iliyokuwa kwenye kilima cha Arcetri. Hapo ndipo Galileo alipomalizia maisha yake karne tatu kabla.

Maabara hiyo haikuwa na fedha za kutajika. Lakini mwaka 1929 Rossi alisoma makala ya Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster, waliokuwa wametumia mirija miwili ya kuhesabia chembe iliyobuniwa na Geiger na Müller.

Wajerumani hao walikuwa wameweka kipande cha dhahabu chenye unene wa takribani sentimita nne kati ya mirija hiyo miwili. Walipoona kwamba mirija yote miwili inashtuka kwa wakati mmoja mara nyingi, walielewa kwamba kitu kile kile kimepita katika mrija wa kwanza, kikaitoboa dhahabu yote, kisha kikapita katika mrija wa pili. Nuru haingefanya hivyo kwa urahisi. Ilielekea kuwa ni chembe.

Udhaifu wa jaribio hilo ulikuwa katika namna ya kubainisha kwamba mirija imeshtuka pamoja. Katika majuma machache Rossi alibuni saketi iliyotumia vali za redio, ambayo ilitoa ishara pale tu mirija miwili, mitatu au zaidi iliposhtuka kwa pamoja. Aliichapisha mwaka 1930.

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Mlinzi mmoja wa usiku akisema ameona mtu, huenda ameota. Walinzi watatu waliosimama katika mstari wakipiga kelele kwa wakati mmoja, basi bila shaka kuna mtu aliyepita, na hata njia aliyopita yajulikana.

Saketi hiyo ilienea haraka katika maabara za dunia. Rafiki na mwenzake wa Arcetri, Giuseppe Occhialini, aliipeleka Uingereza mwaka 1931, akaitumia pamoja na Patrick Blackett. Aidha, kanuni yake ya kutoa jibu pale tu masharti yote yanapotimia ni mojawapo ya kanuni za msingi zinazoendesha kompyuta hadi leo.

Kwa kutumia mirija mitatu, Rossi alionyesha kwamba baadhi ya chembe za kosmiki zinaweza kupenya risasi yenye unene wa mita moja. Alionyesha pia kwamba nyingine, zikigonga risasi, huzaa vikundi vya chembe mpya. Matokeo hayo yalionekana kuwa ya ajabu kiasi kwamba jarida moja la Ujerumani lilikataa kuyachapisha, hadi Werner Heisenberg, mmoja wa mabingwa wa fizikia wa zama hizo, alipoyatetea yakachapishwa kwingine.

Safari ya Asmara

Mwaka 1930 Rossi alikuwa amekwisha kutabiri jambo moja kwa hesabu. Alisema kwamba, iwapo miale ya kosmiki ni chembe zenye chaji ya aina moja, basi idadi inayotoka upande wa mashariki haitalingana na ile inayotoka magharibi.

Sababu ni kwamba usumaku wa dunia huipinda njia ya chembe kuelekea upande mmoja. Chembe zenye chaji chanya zingeonekana kuja kwa wingi kutoka magharibi, zenye chaji hasi kutoka mashariki. Kama ni nuru tupu, pande zote zingekuwa sawa.

Alijaribu kuipima tofauti hiyo kule Florence asiione. Hilo halikumshangaza sana, kwa maana nguvu ya usumaku dhidi ya chembe hizo huwa kubwa karibu na ikweta, na Florence iko mbali nayo. Aidha, mahali panapofaa ni pale palipoinuka, ambapo hewa haijazimeza chembe nyingi.

Asmara ilitimiza masharti yote mawili. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Eritrea wakati huo ilikuwa koloni la Italia, jambo lililomrahisishia mtafiti wa Kiitaliano kupata kibali na usafiri. Mwaka 1933 Rossi, ambaye sasa alikuwa profesa Padua, alifunga safari pamoja na mwenzake Sergio De Benedetti.

Huko waliitegesha mirija yao kwenye mhimili ulioweza kuinamishwa upande wa mashariki kisha wa magharibi, wakawa wanahesabu. Jibu halikuwa na utata: chembe zilizotoka magharibi zilizidi kwa wingi ulio wazi. Miale ya kosmiki ilikuwa chembe, na zilizo nyingi kati yake zilikuwa na chaji chanya.

Hata hivyo, Rossi hakuwa wa kwanza kutangaza. Wakati alipokuwa bado anajiandaa kwa safari, Wamarekani Thomas Johnson, na Luis Alvarez pamoja na Arthur Compton, walikuwa wamefanya kipimo hicho hicho nchini Mexico, na matokeo yao yakachapishwa mwaka huo huo wa 1933. Utabiri ulikuwa wa Rossi. Sifa ya kuuthibitisha kwanza ikaenda kwa wengine.

Leo inajulikana kwamba takribani asilimia 90 ya miale ya kosmiki ni protoni, yaani viini vya haidrojeni, na asilimia tisa hivi ni viini vya heli. Vyote hivyo vina chaji chanya, kama vipimo vya Asmara na Mexico vilivyoonyesha.

Kuna jambo jingine lililojitokeza Asmara ambalo halikupewa uzito wake. Katika kukagua vyombo vyake, Rossi alibaini kwamba mara kwa mara mirija iliyotenganishwa kwa umbali fulani ilishtuka kwa pamoja, kana kwamba kundi kubwa la chembe lilikuwa limenyesha juu ya eneo lote.

Aliliandika hilo katika taarifa yake ya Kiitaliano ya mwaka 1934, lakini hakupata nafasi ya kulifuatilia. Mwaka 1938 Mfaransa Pierre Auger alilichunguza kwa kina, na leo kituo kikubwa cha kupima manyunyu hayo ya chembe, kilichotapakaa katika eneo la kilomita 3,000 mraba nchini Argentina, kinaitwa kwa jina la Auger.

Kufukuzwa

Aliporejea Padua, Rossi alikabidhiwa kazi ya kusimamia mipango ya jengo jipya la taasisi ya fizikia. Lilizinduliwa mwaka 1937, likiwa miongoni mwa yaliyo bora katika Italia.

Hakulifaidi. Mwaka 1938 serikali ya Benito Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rossi, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi na ndio kwanza ameoa, aliondolewa kazini katika taasisi aliyoijenga mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Yeye na mkewe, Nora Lombroso, walipokewa kwanza na Niels Bohr mjini Copenhagen, kisha na Blackett mjini Manchester, na mwaka 1939 wakavuka bahari hadi Marekani, ambako Compton alimkaribisha Chicago. Enrico Fermi, bingwa mwingine wa fizikia wa Italia ambaye mkewe alikuwa Myahudi, naye alikuwa amekwisha kuondoka. Nchi iliyokuwa imeanza kuongoza katika fani hiyo ikawa imewafukuza mabingwa wake yenyewe.

Kiangazi cha mwaka huo huo Rossi na wenzake walipakia mirija, vyuma na shehena ya risasi katika basi kuukuu, wakaelekea kwenye mlima wa Mount Evans, Colorado, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa Mount Blue Sky. Walipima idadi ya chembe kileleni, kwenye kimo cha mita 4,300, wakapima tena walipozidi kushuka.

Walikuwa wakizichunguza chembe ambazo leo huitwa muoni. Hizi ndizo zinazopenya paa za Kehancha. Huzaliwa kwenye kimo cha kilomita kama 15 wakati miale ya kosmiki inapogonga hewa, na huishi kwa wastani wa milioni mbili na ushei za sekunde moja.

Katika muda huo mfupi, hata nuru yenyewe husafiri mita 660 tu. Kwa hesabu ya kawaida, karibu muoni zote zingekufa kabla ya kufika ardhini. Lakini zinafika, kwa sababu kitu kinachokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, saa yake huenda polepole, kama Albert Einstein alivyokuwa ameeleza mwaka 1905. Vipimo vya Rossi vya miaka ya 1939 hadi 1942 vilikuwa miongoni mwa thibitisho za mwanzo kabisa za jambo hilo kwa majaribio.

Kutoka 1943 hadi 1946 Rossi alikuwa Los Alamos, katika mradi wa siri uliotengeneza bomu la atomiki, akiongoza utengenezaji wa vyombo vya kupimia. Vita vilipokwisha alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, akaanzisha kundi la utafiti wa miale ya kosmiki.

Ni kutoka katika kundi hilo ambapo John Linsley, akiendesha kituo cha Volcano Ranch huko New Mexico, alitangaza mwaka 1963 kupimwa kwa manyunyu yaliyosababishwa na chembe moja yenye nguvu ya ajabu. Kiini hicho kimoja cha atomu kilibeba nguvu inayokaribia ile ya jiwe la kilo moja na nusu linapoangushwa kutoka kimo cha mita moja.

Kurejea ikweta

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, mashine kubwa za kuharakisha chembe zilikuwa zimeichukua sehemu ya kazi ambayo awali ilifanywa kwa miale ya kosmiki. Rossi aliyageuzia macho yake mambo ambayo mashine hizo zisingeweza kuyafikia.

Mwaka 1959, katika karamu iliyofanyika nyumbani kwake, alimpa wazo kijana wa Kiitaliano aliyekuwa ameajiriwa karibuni na kampuni moja ya utafiti, Riccardo Giacconi. Alimshauri aitazame anga kwa eksirei. Hewa ya dunia huzimeza eksirei zote zitokazo angani, na hivyo hakuna aliyejua kulikuwa na nini. Wengi walidhani kwamba, nje ya Jua, hakungekuwa na cha kuonekana.

Juni 18, 1962 roketi iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico, ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu. Lakini zilitosha. Vyombo vyake vilikuta chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge, nje kabisa ya mfumo wa Jua. Majina ya Giacconi na Rossi yalikuwa miongoni mwa manne yaliyotia saini taarifa hiyo.

Dakika chache za roketi hazikutosha kuikagua anga yote. Ilihitajika setilaiti. Na hapo swali la Asmara likarudi kwa sura nyingine: je, setilaiti hiyo izunguke wapi?

Vyombo vya eksirei husumbuliwa mno na chembe zenye chaji, kwa maana haviwezi kwa urahisi kuzitofautisha na eksirei zenyewe. Ngao ya usumaku iliyo imara zaidi dhidi ya miale ya kosmiki iko juu ya ukanda wa ikweta, na setilaiti inayozunguka chini chini juu ya ikweta hukwepa pia sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mikanda ya chembe zilizonaswa na dunia hushuka karibu. Ukweli ambao Rossi aliufuata Eritrea ili kuipima miale, sasa ulitumika kuikwepa.

Kulikuwa na mahali pamoja palipofaa kwa urushaji huo. Italia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, ilikuwa imejenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, takribani nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo ilirushwa Aprili 26, 1967.

Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka kutoka jukwaa hilo, ikiendeshwa na Waitaliano na kubeba setilaiti ya Marekani. Msimamizi wa mradi huo katika shirika la NASA, Bi Marjorie Townsend, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba vingi katika hivyo ni nyota pacha, ambapo nyota moja iliyokufa na kusongamana humnyonya mwenzake gesi, na gesi hiyo ikaanguka kwa kasi na kupata joto la mamilioni ya digrii. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ndivyo vilivyowaelekeza wanasayansi kwenye kitu ambacho leo kinakubalika kuwa shimo jeusi.

Novemba 1972 setilaiti nyingine, SAS-2, ilirushwa kutoka jukwaa hilo hilo. Hii ilipima miale ya gama. Ilikuta mwanga wa gama ukitanda katika ukanda wote wa Njia ya Maziwa, sehemu kubwa yake ukitokana na miale ya kosmiki inapogonga gesi iliyo kati ya nyota. Kwa hivyo chembe zilizohesabiwa Asmara mwaka 1933 zilionekana, kwa alama zake, zikiwa bado safarini katika anga za mbali.

Kinachojulikana sasa

Swali kubwa la mahali miale ya kosmiki inapotoka limejibiwa kwa sehemu. Mwaka 2013 watafiti wa darubini ya Fermi iliyo angani walitoa ushahidi wa wazi kwamba mabaki ya nyota zilizolipuka huziharakisha protoni hadi kasi kubwa mno. Zile chembe adimu zenye nguvu kupita zote, kama ya Linsley, asili yake ingali inatafutwa.

Afrika ina nafasi katika msako huo. Nchini Namibia, kituo cha H.E.S.S., kilichopewa jina linalomkumbuka Victor Hess, kilianza kazi mwaka 2002 na kupata darubini yake ya tano mwaka 2012. Hutazama mimeto hafifu ambayo miale ya gama huizusha hewani.

Wala elimu hii si ya nyota pekee. Miale ya kosmiki ikigonga hewa huzalisha kaboni ya aina ya 14, ambayo huingia katika mimea na wanyama. Kwa kupima iliyobaki katika mkaa au mfupa wa kale, wanaakiolojia hukadiria umri wake. Kaunti ya Migori, ambayo ina maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ni eneo ambapo umuhimu wa elimu kama hiyo hauhitaji kuelezwa sana.

Mwaka 2017, muoni zilitumika kuichungulia Piramidi Kuu ya Giza, Misri, bila kugusa jiwe hata moja. Watafiti walikuta uwazi wenye urefu wa mita 30 au zaidi usiojulikana hapo awali. Njia hiyo hiyo huweza kutumika kubaini mapango na mashimo yaliyofichika ndani ya miamba, habari isiyo ngeni katika kaunti yenye wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaohatarisha maisha yao chini ya ardhi.

Nani ataliuliza swali lijalo?

Rossi alifariki Novemba 21, 1993 akiwa na umri wa miaka 88. Hakupata Tuzo ya Nobel. Bothe aliipata mwaka 1954 kwa njia ya kulinganisha mishtuko ya mirija ambayo Rossi aliiboresha, naye Giacconi aliipata mwaka 2002 kwa elimu ya eksirei za anga. Miaka miwili baada ya kifo chake, NASA ilirusha setilaiti ya eksirei iliyopewa jina la Rossi, na ilitumika hadi mwaka 2012.

Jukwaa la San Marco nalo lilirusha setilaiti tisa kati ya mwaka 1967 na 1988, kisha urushaji ukakoma. Takwimu za Uhuru zilichambuliwa Marekani. Eritrea ya mwaka 1933 na Kenya ya mwaka 1970 zilitoa kile ambacho hakuna maabara ya Ulaya wala Amerika ingeweza kukinunua, yaani mahali. Maswali yaliletwa na wageni, na majibu wakaondoka nayo.

Kenya imepiga hatua tangu hapo. Mei 2018, setilaiti ndogo iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Waitaliano iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1 ya Shirika la Anga za Juu la Kenya ilirushwa kutoka California.

Lakini historia ya Rossi inaonyesha kwamba si lazima mtu aanze na setilaiti. Maabara ya Arcetri ilikuwa maskini, na vifaa vilivyotikisa fizikia vilikuwa mirija ya kujiundia na vali za redio. Hivi leo, wanafizikia wa MIT, taasisi ile ile ya Rossi, wamechapisha maelekezo ya kuunda kifaa cha kuhesabu muoni kwa gharama ya takribani dola 100 za Marekani, ili yatumiwe na wanafunzi popote walipo.

Vifaa viwili vya namna hiyo, vikifungwa kwenye ubao mmoja na kuunganishwa ili vihesabu pale tu vinaposhtuka pamoja, vyatosha kurudia kipimo cha Asmara. Ubao huinamishwa kuelekea Ziwa Victoria, idadi ikahesabiwa kwa siku kadhaa, kisha hugeuzwa kuelekea nyanda za Narok, idadi ikahesabiwa tena kwa muda ule ule.

Shule ya sekondari iliyoko Oslo ikifanya hivyo itaambulia tofauti ndogo mno, kwa kuwa iko mbali na ikweta. Shule iliyoko Kehancha ina mahali panapofaa, kwa bahati ya jiografia. Kinachobaki ni walimu, vifaa vya bei hiyo, na mamlaka za elimu zinazoamini kwamba mtoto wa Kuria aweza kupima jambo na si kulikariri tu.